Mche haufi kwa njaa, unakufa kwa shibe



Wiki iliyopita nililetewa miche ya nyanya na wakulima wawili ambao mashamba yao yanapakana. Walikuja siku moja. Wa kwanza alifika asubuhi, miche yake ameifunga kwenye gazeti. Wa pili alifika mchana, yake iko kwenye kopo. Niliiweka yote mezani, nikaosha mizizi na kuitazama. Majani yalikuwa yamekauka kuanzia kingoni kama yamepitiwa na moto. Mizizi, ambayo inatakiwa iwe myeupe, ilikuwa ya kahawia. Miche ya wa kwanza na ya wa pili ilikuwa na tatizo lilelile: imeungua.

Nikamuuliza kila mmoja alichoweka. Wa kwanza alisema, "Bwana shamba, mimi kemikali situmii kabisa. Nimeweka samadi ya kuku tu, tena nyingi, nimeitoa bandani mwezi huu huu." Wa pili akasema, "Mimi samadi inanichelewesha. Niliona miche imekuwa ya njano, nikarushia Urea kiganja kimoja, nikamwagilia."

Halafu kila mmoja akaanza kumsema jirani yake. Yule wa samadi alidai kwamba kemikali ndizo zinazoharibu udongo wa kijiji. Yule wa Urea alidai kwamba samadi ni kilimo cha zamani. Wote wawili wamepoteza mbegu ya chotara, na wewe unayenunua mbegu hiyo unajua kwamba bei yake si ya mchezo.

Leo nataka nitoe maoni yangu juu ya ugomvi huu, maana nausikia kila msimu, na tangu ruzuku ya mbolea ianze msimu wa 2022/2023 mifuko imefika hata kwenye nyumba ambazo zamani hazikuwa nayo, na ugomvi umeongezeka. Maoni yangu ni haya: ndani ya kitalu, msingi ni samadi au mboji iliyooza vizuri. Mbolea ya viwandani kwenye kitalu ni kama dawa, inatolewa kwa kijiko na kwa sababu maalumu. Sehemu yake kubwa ni shambani, baada ya kupandikiza. Na mkulima anayeua miche, mara nyingi hakukosea kuchagua aina ya mbolea. Amekosea kiasi, amekosea muda, au ameweka kitu ambacho hakijakomaa.

Mbegu imekuja na chakula chake

Tuanze na mche wenyewe. Mbegu inapoota, yale majani mawili ya kwanza, yaliyo manene na laini, hutoka ndani ya mbegu. Hayo ndiyo ghala lake. Mche mdogo unakula akiba hiyo huku ukishusha mzizi. Wakati huo unahitaji maji, hewa, joto na udongo tifutifu. Hauhitaji mbolea ya kukuzia. Njaa ya kweli huanza pale majani halisi yanapotokeza, yale yenye umbo la jani la nyanya, kabichi au pilipili unalolijua.

Sasa angalia tunachofanya. Mbegu ikichelewa siku mbili kuota, tunaongeza mbolea. Mche ukiwa mwembamba, tunaongeza mbolea. Ukiwa wa njano, tunaongeza mbolea. Miche mingi niliyoitwa kuiangalia ikiwa imekufa haikufa kwa njaa. Ilikufa kwa shibe.

Mzizi hauulizi mbolea imetoka wapi

Watu wengi wanaamini kwamba chakula kinachotoka kwenye samadi ni kitu kimoja na kinachotoka kwenye mfuko ni kitu kingine. Kwa mzizi si hivyo. Naitrojeni ya samadi inabadilishwa na vijidudu vya udongoni mpaka iwe katika hali ambayo mzizi unaweza kuinyonya. Naitrojeni ya Urea nayo hupitia udongoni na kufika kwenye hali hiyohiyo. Tena ile ya kiwandani asili yake ni hewa hii tunayovuta, ambayo bakteria wa kwenye mizizi ya maharage nao wanaitumia kutengeneza chakula.

Au chukua fosfeti ya Minjingu, kule Manyara. Ni mwamba unaochimbwa, uliotokana na masalia ya ndege na samaki wa ziwa la kale. Ukisagwa na kuwekwa kwenye mfuko, mkulima anauita mbolea ya dukani. Je, huo ni wa asili au wa kiwandani? Ukitafakari hapo utaona kwamba mstari tunaougombania haujanyooka kama tunavyodhani.

Tofauti za kweli zipo, na ni tatu.

Ya kwanza ni nguvu. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Samadi ya ng'ombe iliyokauka mara nyingi ina asilimia 1 hadi 2 tu. Maana yake, gramu 100 za Urea zina naitrojeni inayolingana na ya kilo 2.3 hadi 4.6 hivi za samadi kavu. Mkono ukiteleza kwenye samadi ya ng'ombe iliyooza, hasara ni ndogo. Mkono ukiteleza kwenye Urea, kitalu kimekwenda.

Ya pili ni kasi. Mbolea ya mfukoni huyeyuka mara moja. Samadi hutoa chakula polepole, kadiri vijidudu vinavyofanya kazi, na vijidudu hivyo hupunguza kazi udongo ukiwa wa baridi. Ndiyo maana mkulima wa Njombe au wa milima ya Lushoto anayeotesha miche mwezi wa sita na wa saba huona samadi yake kama imelala, wakati ndugu yake wa Morogoro mjini anaona matokeo mapema.

Ya tatu ni udongo wenyewe. Samadi na mboji hushika maji, hulegeza udongo wa mfinyanzi na kuunganisha ule wa kichanga. Mfuko wa Urea au DAP hauwezi kufanya hivyo hata ukiwa mkubwa kiasi gani. Na mche, kabla ya kitu kingine chochote, unataka mahali pazuri pa kuweka mzizi. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuiweka samadi kwanza kitaluni.

Kosa la sisi tunaopenda samadi

Nasema "sisi" kwa sababu mimi mwenyewe nimelifanya.

Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikifundisha kikundi cha akina mama waliokuwa wanaanza kilimo cha vitunguu. Niliwaambia, "Wekeni samadi, hamtajuta." Nikaenda zangu. Wakachimba samadi zizini, mbichi, wakaichanganya kwenye matuta na siku iliyofuata wakasia mbegu. Vitunguu viliota vizuri, nikapongezwa. Baada ya wiki mbili vikaanza kufa kwa mabaka, na palipobaki palifunikwa na magugu ambayo mbegu zake zilitoka kwenye samadi hiyohiyo.

Kitunguu hukaa kitaluni wiki 6 hadi 8. Ukisia upya, umeshachelewa. Wenzao walipokuwa wanavuna wakati bei bado ni nzuri, wao walikuwa bado wanapalilia. Mwenyekiti wa kikundi hakunigombeza. Aliniambia tu, "Baba, ulituambia samadi. Hukutuambia samadi gani."

Sijalisahau neno hilo. Kwa hiyo leo nakuambia samadi gani.

Samadi mbichi ya kuku ina naitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe, na inapoanza kuoza hutoa hewa kali ya amonia, ile inayokuchoma macho ukiingia bandani. Kama inachoma macho yako, fikiria inaufanyia nini mzizi mwembamba kama uzi. Samadi mbichi ya ng'ombe si kali hivyo, lakini huleta mbegu za magugu. Na ikiwa imechanganyika na majani makavu mengi au pumba, kuna jambo lingine: vijidudu vinavyoozesha yale majani huvuta naitrojeni iliyopo kwenye udongo ili vifanye kazi hiyo. Mche unabaki bila kitu, unakuwa wa njano.

Na hapo ndipo kosa la kwanza linapozaa la pili. Mkulima anaona njano, anasema samadi haina nguvu, anakimbilia Urea. Nilipombana kwa maswali yule mkulima wangu wa pili, kumbe naye alikuwa ameweka samadi ambayo haijaoza, imejaa pumba. Njano aliyoiona ilitoka hapo.

Kosa la wanaopenda mfuko

Mbolea za viwandani ni chumvi. Ndiyo maana wazee wetu huziita mbolea za chumvichumvi, na jina hilo ni sahihi kabisa. Unajua nyama ikipakwa chumvi hutoa maji. Chumvi ikizidi karibu na mzizi, maji hushindwa kuingia kwenye mzizi, na hata yaliyomo huvutwa nje. Mche unanyauka mchana ilhali udongo umelowa. Mkulima anasema, "Mbona nimemwagilia na bado unanyauka?" Anaongeza maji, na sasa fangasi wanakaribishwa.

Urea ina hatari ya ziada: ikiwa udongoni hubadilika na kutoa amonia, ileile ya banda la kuku. Kwa hiyo yule mkulima wa samadi mbichi na yule wa Urea wameunguza miche yao kwa kitu kimoja. Wangelijua hilo wasingegombana.

Halafu naitrojeni nyingi hutoa mche mrefu, laini na wa kijani kibichi unaopendeza macho. Wateja wa miche huukimbilia. Lakini shina laini hushambuliwa kirahisi na kinyausi, ugonjwa ule unaofanya shina kuwa jembamba usawa wa udongo kisha mche kulala. Na ukiufikisha shambani, jua la siku mbili tu linauchosha. Ukienda kununua miche usichague mrefu. Chagua mfupi, mnene wa shina, wenye mizizi mingi.

Nifanye nini basi?

Huu ndio utaratibu ninaoushauri kwa miche ya mboga kama nyanya, kabichi, pilipili na vitunguu.

1. Andaa samadi mapema. Irundike kivulini, iloweshe iwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, igeuze kila baada ya wiki mbili au tatu. Ipe miezi 2 hadi 3, ya kuku usiiharakishe. Ikikomaa inakuwa nyeusi au ya kahawia iliyokolea, inachambuka mkononi, haina joto katikati ya rundo na inanukia kama udongo baada ya mvua. Ikiwa bado inanuka zizi, bado.

2. Ifanyie jaribio la mchicha. Chukua kopo, changanya samadi hiyo na udongo wako kwa kiasi utakachotumia kwenye tuta, sia punje kadhaa za mchicha. Weka kopo la pili lenye udongo mtupu. Mchicha huota ndani ya siku chache. Ukiota sawa kwenye makopo yote mawili na majani yakabaki mazima kwa wiki moja, samadi yako imekomaa. Ukigoma au kuungua kwenye kopo la samadi, subiri. Jaribio hili halina gharama yoyote, na lingewaokoa wale akina mama wangu.

3. Changanya kwa kiasi. Kwenye tuta, debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita moja ya mraba linatosha. Ichanganye na udongo wa juu, kina cha sentimita 15 hivi, wiki mbili kabla ya kusia, na umwagilie ili magugu yaote uyang'oe. Kwa viriba vya miche ya matunda, miti au kahawa, mchanganyiko mzuri ni madebe 3 ya udongo wa juu, madebe 2 ya samadi iliyooza na debe 1 la mchanga.

4. Usiweke mbolea yoyote ya kukuzia mpaka mche uwe na majani halisi mawili. Maji tu.

5. Chunguza kabla ya kulisha. Njano si lazima iwe njaa. Je, miche imebanana? Ipunguze. Tuta linatuamisha maji? Punguza kumwagilia. Kivuli kimezidi? Punguza nyasi za juu. Kama hayo yote yako sawa, na majani ya chini ndiyo yaliyoanza kuwa ya njano, basi huenda ni upungufu wa naitrojeni. Ukiona zambarau upande wa chini wa majani, hasa wakati wa baridi, fosforasi haifiki vizuri kwenye mche. Mara nyingi hali hiyo hupungua joto likirudi.

6. Ukithibitisha njaa, lisha kwa kijiko. Una njia mbili. Ya kwanza ni maji ya samadi: loweka samadi iliyooza kwenye pipa kwa wiki mbili, chuja, kisha punguza kwa maji mpaka yawe na rangi ya chai nyepesi. Ya pili ni NPK yenye viwango sawa, kama 17-17-17: vizibo viwili vya soda, yaani kama gramu 10, kwenye ndoo ya maji ya lita 10. Koroga mpaka iyeyuke, mwagilia jioni kwenye udongo uliokwisha kulowa, kisha suuza majani kwa maji safi. Mara moja kwa wiki inatosha, na ukiona rangi imerudi, acha. Usirushe punje kavu juu ya miche. Na Urea usiilete kitaluni kabisa.

7. Siku 7 hadi 10 kabla ya kupandikiza, acha kulisha, punguza maji na ondoa kivuli polepole. Mche ujifunze shida ungali kitaluni.

8. Siku ya kupandikiza nyanya ndipo mfuko unapopata nafasi yake. Weka samadi viganja viwili kwenye shimo pamoja na kizibo kimoja cha soda cha DAP, kama gramu 5, changanya na udongo, funika kidogo ili mzizi usigusane nayo, ndipo upande. Mbolea ya kukuzia, CAN au Urea, isubiri wiki 2 hadi 3, mche ukishashika. Iweke kuzunguka mche, mbali na shina, kisha ifukie.

Ukiangalia utaratibu huu utaona kwamba mbolea zote mbili zipo. Hakuna iliyofukuzwa. Kila moja imepewa kazi inayoiweza.

Kwa wanaonipinga

Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba, mimi natumia trei na kokopiti, samadi naichanganya wapi?" Wana hoja. Nyuzi za nazi hushika maji vizuri lakini chakula chake ni kidogo mno, kwa hiyo mche wa trei hauwezi kusubiri samadi. Hapo mbolea inayoyeyuka kwenye maji ni ya lazima mara majani halisi yakitokea. Lakini kanuni ni ileile: nyepesi, kwa vipimo, na suuza. Anayetumia trei ndiye hasa anayetakiwa kuwa na kijiko, maana udongo wa kumsamehe hana.

Wengine watasema hawana ng'ombe. Mboji haihitaji ng'ombe. Mabaki ya jikoni, majani mabichi, majani makavu, majivu kidogo na udongo kidogo, vikirundikwa na kugeuzwa, vinatosha kwa kitalu. Kitalu cha nyanya za ekari nzima ni eneo dogo tu. Huhitaji lori la samadi, unahitaji madebe machache yaliyoandaliwa mapema.

Na wapo wanaolima kilimo hai kwa ajili ya soko maalumu, ambao hawaruhusiwi kutumia mbolea za viwandani. Hao nawaheshimu, na maji ya samadi yatawafaa. Ninachowaomba ni kimoja: wasiwaambie majirani kwamba kitu cha asili hakiwezi kudhuru. Samadi ya kuku ya wiki mbili ni ya asili kabisa, na imeshaua vitalu vingi.

La mwisho

Wale wakulima wangu wawili niliwaambia ukweli, kwamba miche ile haitapona na wasie upya. Bado wana muda kidogo. Niliwaomba pia kitu kimoja ambacho hawakukipenda mwanzoni: waandae kitalu pamoja. Mmoja ana kuku na nafasi ya kurundika samadi, mwingine ana mfuko wa NPK uliofunguliwa. Wakichanga, kitalu kinatimia. Juzi nilipita, nikakuta rundo limeshafunikwa kwa majani ya migomba, na makopo mawili ya mchicha yako juu ya ukuta. Kwa kitalu cha msimu huu wamenunua samadi ya ng'ombe ya mwaka jana kwa mfugaji wa kijiji cha jirani, wakati ya kuku inaendelea kukomaa.

Na wewe, kabla hujasia mbegu msimu huu, nenda kwenye rundo lako la samadi. Ingiza mkono katikati. Kama ni la moto, rudisha mbegu kabatini usubiri. Kama huna uhakika, mtafute afisa ugani wa kata yako aje aliangalie. Na akikuambia "weka samadi," muulize, samadi gani?